Móvil, cel au celu? Kihispania cha Hispania, cha Meksiko na cha Argentina kwa anayetaka kuchati na watu

Kila msimu wa wageni ukianza kuna dogo ananifuata na swali lilelile, kaka nataka nianze Kihispania, nianze na kipi? Zamani nilikuwa namjibu kwa mkato, Kihispania ni Kihispania tu, nenda kasome. Sijibu hivyo tena, na sababu ni simu iliyoita ndani ya Land Cruiser tukiwa tumesimama geti la Loduare tunasubiri kibali cha kuingia Ngorongoro.

Nilikuwa na wageni wanne wa Meksiko, mama mmoja mtu mzima amekaa siti ya nyuma yangu, simu yake inaita na yeye hasikii kwa kelele za magari. Mi nikageuka kwa heshima zote nikamwambia "Señora, coja el teléfono", yaani mama, pokea simu. Kimya. Afu gari zima likapasuka kwa kicheko, mama mwenyewe anafuta machozi. Kihispania changu chote nilikuwa nimekiokota kwa wageni wa Madrid na Barcelona, na kule coger ni neno la kila saa, unapanda basi ni coger, unachukua teksi ni coger, unapokea simu ni coger. Meksiko na Argentina neno hilo ni la chumbani. Nilichomwambia yule mama aifanyie ile simu sitakiandika hapa.

Toka siku ile nikaanza kusikiliza vizuri nani anasema nini. Ukiongelea nyumba, maji au simba, wote wanakuelewa na wote wanatumia maneno yaleyale, casa, agua, león. Ukifika kwenye simu, kompyuta, kuchati na kupanga kuonana hapo ndo wanaachana, kwa sababu hivi vitu vimeingia juzijuzi tu na kila nchi ikaviita ilivyoona. Hispania walichukua jina la kompyuta kwa Wafaransa wakapata ordenador, Amerika ya Kilatini wakachukua kwa Waingereza wakapata computadora. Basi kila mtu na lake.

Kihispania ni lugha rasmi ya nchi 20 pamoja na Puerto Rico, siwezi kuzipanga zote. Nimechukua tatu ambazo nimezisikia mwenyewe kwenye gari na kwenye simu yangu. Watu wa Colombia na Chile mnisamehe, nyie mna el computador na ni stori nyingine.

Nitavipimaje

Mambo matano, yaleyale kwa kila kimoja. Moja, vifaa vinaitwaje. Mbili, unapiga simu, unachati na kupanga kuonana kwa maneno gani. Tatu, unamwitaje mtu, maana "wewe" na "nyinyi" za Kihispania zina vurugu zake. Nne, ulimi wa Mswahili unakipokeaje. Tano, kinamfaa nani. Bei siweki, kwa sababu vyote vitatu unaweza kujifunza kwa bando la wiki na ubishi wako.

Vya wote kwanza

Kabla hujachagua jua kwamba kuna fungu kubwa halina ugomvi, ukilishika hili hata ukibadilisha mawazo baadaye hujapoteza kitu. Mensaje ni meseji, grupo ni grupu, pantalla ni skrini, cargador ni chaja, las redes sociales ni mitandao ya kijamii. Subir una foto ni kuposti picha, compartir ni kushea, seguir ni kufuata, bloquear unaijua. Paswedi ni contraseña, na hiyo ñ ndo ny yetu kabisa, soma kontrasenya umemaliza. Kupiga simu ni llamar, kucheka kwenye meseji ni jajaja, j yao inasomeka kama kh ya kheri, kwa hiyo hao wanacheka kama sisi tu.

Alama ya @ wanaiita arroba. Zamani arroba ilikuwa kipimo cha uzito, robo ya kizigo fulani, na neno lenyewe limetoka kwa Waarabu, ar-rub', ambako ndiko sisi tumetoa robo. Kwa hiyo ukimtajia mgeni baruapepe yako unamtajia robo. Hasta ya hasta mañana ni hata yetu, chimbuko moja. Na ojalá, wanayosema mtu akitamani kitu, nayo ina Mungu wa Kiarabu ndani yake, "ojalá haya wifi" ni kama kusema inshallah wifi ipo, na kwa hoteli nyingine za huku porini ndo sentensi sahihi kabisa.

Cha Hispania

Vifaa: simu ni el móvil, kompyuta el ordenador, laptop el portátil, hedifoni los auriculares au kwa mtaani los cascos, linki ni el enlace. Chaji ikiisha ni "me he quedado sin batería". Simu ikiganda ni "se ha quedado pillado". Wifi wanaitamka wifi kama ilivyoandikwa, karibu na güifi, na ukitamka waifai kwao utaeleweka ila watajua umetokea upande mwingine wa bahari. Kitu kimoja cha haraka, ukiingia kwenye setingi za simu iliyowekwa Kihispania cha Hispania, setingi zenyewe kwa kawaida zinaitwa Ajustes. Cha Amerika utakuta Configuración.

Kuchati na kuonana: akipokea simu anasema "¿diga?" au "¿sí?", mara ya kwanza unaweza kudhani umemuudhi, hujamuudhi, ndo salamu. Meseji ya WhatsApp ni un wasap, "te mando un wasap", na kuna watu wana kitenzi kabisa, wasapear. Ila neno la kulishika kuliko yote ni quedar. "¿Quedamos?" maana yake tuonane, tupange. "Hemos quedado a las ocho" ni tumeahidiana saa mbili usiku. Na quedar hiyohiyo ndo ipo kwenye kuishiwa chaji hapo juu, kwa hiyo mtu anaweza kukuambia kwa meseji moja kwamba mlikuwa mmepanga muonane na hakuja kwa sababu alibaki bila chaji, na kote ametumia kitenzi kimoja. Mwanzoni inachanganya kweli. Kukubali ni vale, vale, vale, utaisikia mpaka usingizini.

Wewe na nyinyi: mmoja ni tú, wengi ni vosotros, na hii ya wengi haipo Amerika. "¿Tenéis WhatsApp?", "os mando la ubicación", nawatumia lokesheni. Ni seti nzima ya miisho ya ziada ya kukariri, na kama kazi yako ni kuongea na familia au kundi huwezi kuikwepa. Heshima yao siku hizi imelegea, mgeni wa miaka sitini anakwambia niite tú, achana na usted ya heshima, sisi tuliolelewa na shikamoo inatusumbua kidogo.

Ulimi: z yao, na c iliyo mbele ya e au i, kwa sehemu kubwa ya nchi ni th ya thamani, kwa hiyo enlace ni enlathe. Mtu aliyelelewa na Kiswahili cha pwani hana shida nayo hata kidogo. Kasi ndo shida, wanaongea kama wanakimbiza daladala.

Kinamfaa nani: anayehudumia wageni wa Ulaya, anayeomba chuo Hispania, na shabiki wa La Liga anayetaka kusikiliza uchambuzi wa huko moja kwa moja. Na kuna jambo watu wanalisahau, Afrika tuna nchi huru moja ambayo Kihispania ni lugha rasmi, Guinea ya Ikweta, huru toka 1968, na Kihispania chao kinaegemea huku kwa Hispania.

Cha Meksiko

Vifaa: el celular, kwa mdomo el cel. Kompyuta la compu, laptop ni la laptop, hamna cha kukariri hapo. Hedifoni los audífonos. Betri wanaiita la pila, "se me acabó la pila", chaji imekata. Linki wengine wanaita la liga, sasa wewe kaa na akili ya mpira uambiwe "nakutumia liga". Ikiganda, "se trabó". Salio ni saldo, na "no tengo saldo" inatumika kama yetu, kwa ukweli na kwa visingizio.

Kuchati na kuonana: wakipokea simu wanasema "¿bueno?", nzuri?, na wenyewe wanasimulia kwamba imebaki toka enzi za laini mbovu mtu akiuliza kama inasikika vizuri. Kupokea ni contestar, tafadhali iwe contestar. Kupiga ni marcar, kupiga stori ni platicar, na hili la platicar nalipenda sana kwa sababu kwa wengine kuchati na kuongea ni kubadilishana taarifa, ila platicar ni kukaa. Mtu akikupiga bluu tiki, kasoma kakaa kimya, unasema "me dejó en visto". Kuagana ni "nos vemos al rato", kukubali ni sale au órale.

Afu kuna ahorita. "Ahorita te marco", nakupigia sasa hivi. Mtu wa Hispania anaweza kukaa na simu mkononi anasubiri. Mswahili hawezi kudanganyika, sisi ndo tunasema "nipo njiani" huku tunatafuta taulo. Ahorita inaweza kuwa dakika moja, inaweza kuwa jioni, inaweza isiwe kabisa, na hamna aliyedanganya.

Wewe na nyinyi: mmoja tú, mkubwa au usiyemjua usted, wengi ustedes, basi. Hamna vosotros, ni mzigo umetuliwa. Heshima bado ipo kwenye maneno, ukimwita mtu au hajasikia kwenye simu anajibu "¿mande?", na mimi kila nikisikia mande nasikia abee. Hata kuomba kwao ni kwa upole, "¿me regalas la clave del wifi?", ukiichukua neno kwa neno ni unanizawadia paswedi ya wifi? Mgeni wa Madrid atasema tu "¿me das la clave?" na wala hajakosa adabu, ndo kwao.

Ulimi: hapa ndo pepesi kuliko pote. Irabu tano ni zilezile zetu kwa Kihispania chote, lakini Wameksiko wengi wanazitamka taratibu na konsonanti hazimezwi, z na hiyo c ya mbele ya e au i ni s tu, ll ni y. Kama ulikua unaangalia telenovela za Kimeksiko zilizowekewa sauti ya Kiingereza, jaribu moja kwa sauti yake yenyewe, utashangaa unakamata.

Kinamfaa nani: ndugu zetu walioko Marekani, Texas, Arizona, wanaofanya kazi bega kwa bega na Wameksiko, hapo hamna mjadala. Pia anayejifunza peke yake kwa apu, maana nyingi zinazofundisha kupitia Kiingereza zinaegemea upande wa Amerika na utakuta computadora toka somo la mwanzo. Na anayetaka watu wengi wa kuongea nao, Meksiko peke yake ina zaidi ya milioni 120, Hispania na Argentina kila moja ni zaidi ya milioni 45. Ubaya wake ni kwamba misemo yao ya mtaani ni mingi mno, ukishajiona umefika wanaanza utani wa maneno yenye maana mbili mbili na unarudi darasa la kwanza.

Cha Argentina

Vifaa: el celu, la compu, na laptop wanaita la notebook. Hedifoni los auriculares kama Hispania. Vocha ni crédito, "no tengo crédito". Kompyuta ikiganda ni "se colgó" au "se tildó".

Kuchati na kuonana: wanapokea na "¿hola?", kupokea ni atender, "no me atiende" hapokei simu yangu. Hawa kwa voisi ni hatari, "mandame un audio" ni sentensi ya kila siku. Kuchungulia kurasa za watu bila kulaiki ni chusmear, na nimewahi kuona wageni wawili wametoa simu mbele ya simba wanachusmear Instagram ya mtu wa kazini kwao. Ukipigwa bluu tiki kwao ni "me clavó el visto", clavar ni kupigilia msumari, kwa hiyo amekupigilia. Kuonana ni "¿nos juntamos?", na mara nyingi ni kwa ajili ya mate, majani yao wanayokunywa kwa bomba moja linazunguka watu wote, wanabeba chupa ya maji ya moto mpaka Serengeti. Kukubali ni dale.

Wewe na nyinyi: "wewe" ni vos. Sio tú. "Vos tenés", "vos podés", "vos querés". Watu wanaiogopa hii kwa sababu vitabu vingi vinairuka, ila angalia vizuri, tú puedes, tú tienes, tú quieres vinavunja kitenzi katikati, vos haivunji, unatoa r ya poder unaweka s unapata podés. Nyinyi ni ustedes kama Meksiko. Na vos haiishii Argentina, ipo Uruguay, Paraguay, na kwa wingi Amerika ya Kati.

Ulimi: sasa hapa kuna kitu sijakiona kimeandikwa popote nikakigundua kwa kuchekwa. Sisi mkazo wetu upo silabi ya pili toka mwisho, kaLAmu, meSEji, kila mahali. Mtu wa Madrid na wa Meksiko wanasema MÁNdame, PÁsame, LLÁmame, mkazo juu kabisa, na wanaweka alama. Mimi kwa mazoea ya mdomo nilikuwa nasema manDAme, paSAme, llaMAme. Wageni wa Hispania wakawa wananiuliza, wewe ulisoma Buenos Aires? Kumbe kwa vos ndivyo inavyotamkwa na alama haiwekwi. Yaani makosa yangu ya Kimadrid yalikuwa usahihi wa Kiargentina, bure kabisa, bila darasa.

Upande wa pili kuna ll na y za Buenos Aires, zinatamkwa sh. Llamame ni shamame, yo ni sho. Sh tunayo, shida ni sikio, wiki ya kwanza husikii kitu. Ukitaka kulizoesha sikiliza mahojiano ya Messi, katoka Rosario akiwa na miaka 13 akahamia Barcelona na kaishi huko miaka na miaka, lafudhi ya nyumbani haikutoka.

Kinamfaa nani: mwenye mchumba, rafiki au bosi wa upande huo, kwanza kabisa. Mtu wa mpira wa kule. Na mtu ambaye atajifunza kwa kuongea zaidi kuliko kwa kitabu, maana vifaa vya kusoma vyenye vos ni vichache ukilinganisha na vile viwili, itabidi utafute watu. Faida ni kwamba wenyewe ni waongeaji.

Kwa hali yako

Kama wewe ni mwongoza wageni wa Arusha, Zanzibar au Mara na wageni wako wengi wanatoka Ulaya, anza na Hispania, beba vosotros toka siku ya kwanza, na kwenye daftari weka mstari mwekundu kwenye coger. Ukiwa na kundi la mchanganyiko tumia contestar na nos vemos, hazimuudhi mtu wa nchi yoyote kati ya hizi.

Uko Marekani au unapanga kwenda, chukua cha Meksiko. Unafanya kazi ya mtandaoni na wateja wa nchi tofauti za Kihispania, pia ningeanza na Meksiko, sio kwa sababu ni bora ila kwa sababu ustedes inakubalika kwa wote hao, wakati vosotros ukimwandikia mtu wa Buenos Aires anasikia kama unasoma Biblia ya zamani.

Unataka cheti? Usiumize kichwa na lafudhi. Mtihani wa SIELE, wa kupima Kihispania chako, unaendeshwa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya lugha, pamoja na vyuo vikuu vitatu, cha Salamanca huko Hispania, cha taifa cha Meksiko na cha Buenos Aires, yaani nchi zote tatu zipo kwenye meza moja. Andika ordenador au computadora, wote sawa, ila usichanganye kwenye karatasi moja.

Kama una mtu mmoja tu unayetaka kuongea naye, mwige yeye, hata kama anatoka nchi ambayo sijaigusa. Mwombe voisi tatu fupi, ya kukuambia chaji imeisha, ya kupanga kuonana, na ya kulalamika kwamba mtu hajibu meseji. Zisikilize mpaka uzirudie na pumzi zake.

Na kama hujui kabisa na huna mtu, weka simu yako Kihispania kwa wiki moja, siku tatu cha Hispania, siku tatu cha Amerika, uone ni kipi macho yanakizoea haraka. Ila kabla hujabadilisha piga picha njia ya kurudi kwenye lugha yako, mimi nilikaa siku mbili natafuta Idioma huku mke wangu anataka namba ya fundi gesi.